Inchi Mbili

Uongo wa kwanza ulikuwa wa inchi mbili tu, na ulimtoka Fundi mdomoni kabla hajaufikiria. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake kando ya cherehani. Mdogo wake alisimama mbele yake mikono juu, macho ukutani kama kawaida yake wakati wa kupimwa, na futi imemzunguka nyonga. Futi ilisema arobaini na sita. Fundi akasema, "Arobaini na nane."

Kitinda akashusha mikono. "Arobaini na nane? Si Jumapili iliyopita ilikuwa arobaini na saba?"

"Ilikuwa."

"Kwa hiyo nimeongezeka."

"Mimi nasoma tu, mdogo wangu. Futi ndiyo inayosema."

Akachukua kalamu, akafungua daftari la vipimo vya wateja, akaandika 48 kwenye ukurasa wa mdogo wake kwa ule mwandiko wake mzuri ambao watu waliusifu. Kitinda aliutazama wino ukikauka. Kisha akavaa raba zake, akatoka kwenda kuungana na wenzake wa matembezi ya jioni. Hata kamba hakuzifunga vizuri.

Fundi alibaki na futi mkononi. Aliogopa kidogo, tumpe haki yake. Lakini chini ya hofu ile kulikuwa na kitu kitamu, na alikijua jina. Ulikuwa wivu, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi ulikuwa umeshiba.

* * *

Waliishi watatu katika nyumba ya vyumba vitatu, kile cha mbele kikiwa ndicho duka la ushonaji. Fundi alikuwa na miaka arobaini na tatu. Mdogo wake, aliyeitwa Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa kwao, alikuwa na thelathini na minne. Wa tatu alikuwa mume wa Fundi, dereva wa gari la mikate, mtu mkavu asiyenenepa hata ale nini, na jambo hilo peke yake lilitosha kumkasirisha mkewe siku ambazo hakuwa na sababu nyingine.

Mtaa uliwaita wanawake hao Bonge Mkubwa na Bonge Mdogo, na hakuna aliyewahi kuwauliza kama wanapenda. Wao walishajizoesha kucheka kabla watu hawajacheka, maana ukiwahi wewe inauma kidogo. Kiti cha plastiki kilipovunjika chini ya Kitinda msibani, waliangaliana wakaangua kicheko, na watu wakasema, jamani hawa wana roho nzuri. Machozi yalikuwa ya nyumbani. Huko walifunga mlango wakapakana dawa mapajani palipochubuka kwa kusuguana, kila mmoja akimpaka mwenzake mahali ambapo mkono wake mwenyewe haukufika.

Miezi mitano iliyopita magoti ya Kitinda yaligoma na presha ikapanda. Nesi wa zahanati akamwingiza kwenye kundi la watu wanaotembea pamoja jioni na kushauriana kuhusu chakula. Kitinda alimbembeleza dada yake waende wote. Fundi akasema ana nguo za watu za kumaliza. Ni kweli alikuwa nazo, alikuwa nazo siku zote, lakini lililomzuia ni kufikiria barabara nzima ikimtazama kwa nyuma.

Kitinda alikubali kila alichoambiwa na nesi isipokuwa mizani. Mwaka aliokuwa anatafuta kazi alitakiwa kupimwa afya, na mizani ya zahanati ile ilifika mwisho wake ikakwama. Wakampeleka ghala la jirani, kwenye mizani ya magunia. Wapagazi waliacha kazi kuja kutazama, na mmoja akauliza huu ni mchele au sukari. Fundi alikuwepo, amemshikia mkoba. Tangu siku hiyo Kitinda aliapa kwamba hapandi mizani tena mpaka anaingia kaburini, na nesi hakumlazimisha. "Nguo zako zitakwambia," alimwambia. "Tena una fundi nyumbani. Akupime kila wiki."

Ndivyo Fundi alivyogeuka kuwa mizani ya mdogo wake. Jumapili kwa Jumapili alimsomea, hamsini na mbili, hamsini na moja, hamsini, akampunguzia sketi za kazini, na miezi ya mwanzo alifurahi naye kwa dhati. Kitinda alikuwa akifua mashuka nyuma ya nyumba ya wageni, chumba kisicho na dirisha. Alipopungua, mwenye nyumba akamhamishia mapokezi, mbele kabisa, penye simu na maua ya plastiki. Siku alipoleta habari hizo Dereva alisimama akapiga makofi. "Shemeji! Sasa wewe ndiye utakayekuwa unatupokea!" Fundi naye alisema hongera, akainamia cherehani, na sindano ikamchoma kidole.

Asubuhi ya uongo ule alikuja mteja mmoja, mwalimu wa shule ya jirani, kuchukua gauni lake. Akamwona Kitinda akipita na ndoo. "Jamani, huyu ndiye Bonge Mdogo?" akashangaa. "Basi mtaani amebaki Bonge mmoja!" Akampiga Fundi begani kwa mapenzi kabisa, akacheka. Fundi akacheka pia, akageuza macho kumtafuta mwenzake wa kucheka naye. Kitinda alikuwa ameshapita. Zamani kicheko kilikuwa cha watu wawili, na sasa kimemwangukia yeye chote.

* * *

Uongo wa mdomo peke yake usingefika mbali, maana sketi ingeusuta. Kitinda alipotoka tu, Fundi alizichukua zile sketi mbili za sare, akazigeuza, akafumua mishono ya ubavuni na kuiingiza ndani nusu inchi kila upande. Ilikuwa kazi ya dakika ishirini. Fundi alikuwa na desturi ya kuacha akiba nene ya kitambaa ndani ya mishono ya wateja wake wote, kwa kuwa miili ya watu hubadilika, kwa hiyo kitambaa kilichozidi ndani hakikuwa kitu cha kushtua. Alizipiga pasi, akazitundika pale pale zilipokuwa.

Jumatatu asubuhi Kitinda alitoka chumbani amevuta pumzi, zipu imesimama nusu ya njia.

"Dada, hebu nisaidie."

Fundi akaivuta. Ilipanda kwa shida.

"Kumbe ni kweli," Kitinda alisema taratibu. "Usiku nilijidanganya kwamba labda ulisoma vibaya."

"Mimi nisome vibaya?"

"Hapana, dada. Wewe hujakosea hata siku moja."

Mezani kulikuwa na mkate, mayai na chai. Kitinda alikunywa chai kavu, akalisukuma yai lake kwenye sahani ya Dereva. "Shemeji, ongeza."

"Mbona?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini na hujala?"

Kitinda akacheka, akachukua mkoba, akaondoka akitembea kwa hatua fupi kwa sababu ya sketi. Fundi alimsindikiza kwa macho mpaka mlangoni. Aliona aibu, na aliendelea kula.

Alikusudia iwe mara moja tu. Alitaka amrudishe nyuma kidogo, wakaribiane tena, basi, yaishe. Lakini Jumapili iliyofuata futi ilisema arobaini na tano na nusu, na angefanyaje? Amwambie mwili umeyeyuka inchi mbili na nusu kwa siku saba? Akarudia arobaini na nane. Wiki ya tatu alisoma arobaini na tisa, ya nne arobaini na tisa na nusu. Kila mara Kitinda alipotoka kutembea, sketi zilirudi chini ya sindano.

Wenzake kazini walimwambia Kitinda amekonda. Hakuwasadiki. Mtu aliyeitwa bonge tangu darasa la kwanza hana imani na kioo, kwa sababu yule anayemwona mle ndani ni wa zamani. Hata nesi alipomwambia kwenye kundi kwamba apunguze mwendo, yeye alielewa kwamba nesi anamhurumia.

"Wananipa moyo tu," alimwambia dada yake jioni moja wakikunja nguo. "Watu wanaona vibaya kumwambia mtu ukweli. Afadhali wewe, hunifichi."

Fundi akasema kuna nguo zingine zimebaki uani, akaenda kuzitoa, na uani hakukuwa na nguo hata moja.

Kitinda aliacha chakula cha jioni. Kisha akaacha cha mchana, akawa anakunywa maji ya ndimu. Akaanza kutembea na asubuhi pia, kabla ya kazi. Fundi alimwekea sahani kila siku, tena alijaza, akamwambia, "Kula japo kidogo." Hapo hakuwa anaigiza. Alitaka kabisa mdogo wake ale. Alitaka ale, na anenepe, na warudi kukaa wote wawili kwenye lile benchi la uani ambalo halikuvunjika kwa sababu walilitengenezea miguu sita.

* * *

Dereva ndiye aliyeona. Hakuwa mtu wa kuona mambo haraka, lakini alikuwa akila mayai mawili kila asubuhi kwa wiki tano, na hatimaye yakamkwama.

"Mke wangu, hebu mwangalie mdogo wako. Macho yameingia ndani."

"Wewe unamwangalia sana."

"Nini?"

"Nasema unamwangalia sana. Alipopewa mapokezi ulipiga makofi. Mimi nilipomaliza sare za shule nzima, siku tisa, mgongo unaniuma hadi nashindwa kulala, ulipiga makofi?"

Dereva aliweka kikombe chini. "Unamwonea wivu mdogo wako wa tumbo moja?"

"Nimwonee kwa kipi? Kwa mifupa?"

"Nimeuliza tu."

"Na mimi nimekujibu tu."

Wakamaliza chai kila mtu na lake. Dereva alimpenda mkewe, na katika miaka kumi na mitano ya ndoa hakuwahi kufikiria kwamba jambo hilo linahitaji kutamkwa. Fundi, kwa upande wake, kwa miaka kama saba hivi alikuwa akivua nguo zake gizani tu. Hakuna kati yao aliyewahi kumuuliza mwenzake kwa nini.

* * *

Alhamisi saa nne asubuhi gari la mikate lilisimama mbele ya duka, saa ambayo huwa haliko hata karibu.

"Shemeji ameanguka kazini," Dereva alisema dirishani. "Yuko zahanati. Panda."

Gari lile lina ngazi ya juu. Siku zote Fundi alikataa kulipanda mbele za watu, akidai linanuka hamira. Siku hiyo aliushika mlango, akajivuta, akateleza. Dereva akashuka, akaja kumsukuma kwa bega, na watu wa kibanda cha simu ng'ambo ya barabara wakaanza kushangilia na kuhesabu, moja, mbili, tatu! Fundi hakuwasikia. Alikuwa akiwaza kwamba sketi moja iko chumbani, na nyingine Kitinda ameivaa.

"Alikuwa anaongea na mgeni," Dereva alisimulia wakiwa njiani. "Ghafla akaenda chini. Hata zipu ilipasuka."

Zahanati walimkuta Kitinda kitandani, amefunikwa shuka, dripu mkononi. Sketi ilikuwa imetundikwa kwenye chuma cha kitanda. Midomo yake ilikuwa mikavu na mifupa ya mabega imechomoza, na hata hapo, Mungu amsamehe, Fundi aliiona ile mifupa akaitamani.

"Wewe ndiye dada?" nesi alimpokea. "Afadhali umekuja. Huyu hajala chakula cha maana kwa siku nne. Presha iko chini, sukari iko chini. Nataka kujua nani amemshauri afanye hivi, maana sisi hatukumwambia hivyo."

"Nilikuwa naongezeka, nesi," Kitinda alisema kwa sauti ndogo.

"Hukuwa unaongezeka. Ulipoletwa nilikupima, hukuwa na nguvu za kunikatalia. Umepungua kuliko mtu yeyote kwenye kundi. Umepungua kupita kiasi."

"Basi mizani yenu ni mbovu. Hapa kwenu mizani huwa ni mbovu siku zote."

"Hii ni mpya, mama. Haina hata mwezi."

"Nesi, sikiliza." Kitinda alijiinua kwa kiwiko. "Dada yangu ana miaka ishirini anapima watu. Hajawahi kukosea hata nusu inchi. Waulize mtaani. Nitaamini mizani nimwache yeye? Dada, mwambie."

Nesi akamgeukia Fundi. Dereva naye akamgeukia. Njia ilikuwa wazi mbele yake. Angesema neno moja tu, kwamba vipimo vyake ni sahihi, na mdogo wake angemwamini yeye dhidi ya mizani zote za dunia, halafu angerudi nyumbani kuendelea kufa njaa. Fundi alifungua mdomo. Neno halikutoka.

"Haya, tusibishane," nesi alisema. "Nipe hiyo."

Fundi hakuelewa anaombwa nini mpaka mkono wa nesi ulipomfika shingoni. Futi ilikuwa pale inapokaa kila siku. Alikuwa ametoka nayo dukani bila kujua.

"Msimamishe mdogo wako, mshike asianguke."

Basi Fundi akamshika. Kitinda aliegemea begani kwake kwa uzito wake wote, akitetemeka, na Fundi alishangaa jinsi uzito huo ulivyokuwa mdogo. Dereva aligeukia ukutani. Nesi akapitisha futi juu ya shuka, akaikaza.

"Arobaini na nne."

"Rudia," Kitinda alisema.

"Arobaini na nne. Inama uangalie mwenyewe."

Kwa miezi yote hiyo, Kitinda hakuwahi kuitazama namba kwenye futi. Alikuwa anatazama ukuta na kusikiliza. Sasa aliinama akaangalia, akabaki ameinama.

"Jumapili ilikuwa hamsini," alisema.

Akautoa mkono wake begani kwa dada yake, akaketi kitandani, akaivuta ile sketi na kuigeuza nje ndani. Mama yao alikuwa fundi pia, na Kitinda alikulia chini ya meza ya kukatia nguo. Kushona hakujua vizuri, lakini kusoma nguo alijua. Kandokando ya mshono kulikuwa na mistari ya matundu madogo ya sindano, pale ulipofumuliwa na kuingizwa ndani, kisha ukafumuliwa tena. Aliigusa mmoja baada ya mwingine kwa kidole. Ilikuwa mitano.

"Dada."

"Mdogo wangu."

"Ulikuwa unaniwekea chakula. Unaniambia, kula japo kidogo."

"Nilitaka ule."

"Kwa nini, dada? Nimekukosea nini?"

Fundi alitafuta mahali pa kukaa. Kulikuwa na kiti kimoja, cha plastiki, na alikiacha. Alijibu amesimama.

"Ulinibakiza peke yangu," alisema. "Tulikuwa wawili. Wakicheka wanatucheka sote, na tukirudi nyumbani tunalia sote. Ukaondoka, ukaniachia watu wale peke yangu. Nilikuonea wivu. Nilitaka urudi. Nilikuonea wivu kwa ile simu yako na yale maua ya plastiki. Hata sasa hivi, hapo ulipo na hiyo dripu, nakuonea wivu. Sijui nifanye nini na roho hii."

Nesi alikunja futi polepole, akaiweka kitandani. Ni yeye aliyesema kwanza, tena kwa upole kuliko walivyotarajia. "Dada, na wewe ungekuja tangu mwanzo. Lilikuwa kundi la watu, halikuwa mashindano."

"Mtoe," Kitinda alisema. "Shemeji, mtoe dada. Nataka kulala."

* * *

Walipofika nyumbani Dereva alikaa kwenye benchi la miguu sita, kofia mapajani.

"Sijui nikuambie nini," alisema mwishowe. "Ungemuua."

"Najua."

"Kumbe ulikuwa unataka nikupigie makofi. Ungeniambia, mwanamke! Ningepiga mpaka mikono ivimbe."

Fundi akalia. Dereva hakumkumbatia siku hiyo, hasira ilikuwa bado imemjaa. Lakini hakuondoka pale kwenye benchi mpaka mkewe alipomaliza kulia.

Kitinda hakurudi. Mwenye nyumba ya wageni alimpa chumba cha wafanyakazi, na Dereva ndiye aliyempelekea nguo zake kwenye gari la mikate, pamoja na salamu ambazo hazikujibiwa. Zile sketi mbili zilirudishwa, zimefungwa kwenye gazeti. Fundi alizifumua zote, akatoa nyuzi moja moja, akazipiga pasi, na matundu hayakutoka.

Wateja waliuliza Bonge Mdogo yuko wapi. Kwa mara ya kwanza maishani Fundi hakucheka. "Ana jina lake," aliwajibu. "Na mimi ninalo." Mwalimu alimtazama kwa mshangao, akasema samahani, na gauni lake lililofuata akalipeleka kwingine. Fundi alilihesabu hilo kuwa sehemu ya adhabu.

* * *

Wiki ya saba, siku ya Jumapili, Kitinda alisimama mlangoni mwa duka. Alikuwa amerudisha mwili kidogo, na uso wake ulikuwa na damu tena. Hakusema hodi. Fundi aliacha kukanyaga cherehani.

"Karibu ndani."

"Nimeshaingia."

"Nikuletee chai?"

"Chai sitakunywa."

Macho ya Fundi, ambayo hayakuwa na adabu linapokuja suala la nguo, yalishuka yenyewe mpaka kwenye sketi. Ilikuwa mpya.

"Nani amekushonea hiyo?"

"Fundi wa sokoni."

"Upindo umepinda."

"Najua."

"Nivulie nikunyooshee. Dakika tano tu."

"Usiiguse, dada."

Fundi akarudisha mikono mapajani. Alihisi wivu ukimpanda tena, ule ule wa zamani, ila safari hii ulimwelekea mtu wa sokoni asiyemjua, mwenye mikono mibovu, ambaye mdogo wake alisimama mbele yake akainua mikono. Huyo angeweza kumsomea ukweli au uongo, na hata hakujua alichopewa.

Kitinda alitazama ukutani. Futi ilikuwa imening'inia kwenye msumari. Tangu ile Alhamisi Fundi hakuivaa tena shingoni, aliishusha mteja anapokuja tu. Kitinda akaenda akaitoa.

"Simama."

"Nani, mimi?"

"Kuna mwingine humu?"

Katika daftari lile kulikuwa na vipimo vya mtaa mzima, lakini ukurasa wa Fundi haukuwemo. Nguo zake alizikata kwa macho, pana, akijiwekea nafasi ya kutosha asilazimike kujua. Aliishika meza ya cherehani, akasimama. Akainua mikono. Akatazama ukuta. Akawaza kuhusu ghala lile, na mkoba alioushika, na kwamba siku ile katikati ya huruma yake alishukuru kimoyomoyo kuwa si yeye aliyepanda.

Kitinda akapitisha futi. Ilibidi azunguke, kwa kuwa mikono yake haikuweza kukutana. Ncha mbili zilifikiana kwa shida. Fundi alijua kwamba mdogo wake anaweza kutaja namba yoyote anayotaka, kubwa kiasi chochote, na yeye hana haki ya kubisha.

"Hamsini na tisa," Kitinda alisema.

Aliitaja kama mtu anayetaja tarehe.

"Umesoma kweli?"

"Geuza shingo uangalie."

Fundi akageuza shingo. Kidole cha mdogo wake kilikuwa kimeibana futi inchi moja kabla ya mwisho wake. Hamsini na tisa. Aliitazama namba hiyo kwa muda mrefu, na hakuna aliyecheka, na hakuna aliyeuliza kama ni mchele au sukari. Machozi yalimtoka, akayaacha.

"Andika," Kitinda alisema.

Fundi akakaa, akafungua ukurasa mweupe. Mwandiko wake mzuri ulikataa. Juu ya ukurasa, mahali pa jina la mteja, alisita, kisha akaandika: Mimi. Chini yake akaandika namba.

Kitinda aliitundika futi kwenye msumari wake. "Kundi linaanza saa kumi," alisema. "Sijakusamehe bado, usije ukadhani. Na sitakusubiri. Ukija utanikuta njiani."

Akatoka. Fundi aliutazama ule upindo uliopinda ukiteremka barabara, ukipita kibanda cha simu, hadi ulipokaribia kona. Kisha akainama chini ya meza, akaanza kutafuta viatu.